Pwani Ile Ina Wenyewe

Ukimuuliza mtu wa mjini Unguja pwani nzuri ya Pemba, naye kama anaijua Pemba kidogo, atakutajia Vumawimbi. Hakukosea. Unapita ndani ya msitu wa Ngezi, mivule na mipapindi imekufunika, halafu mchanga mweupe unafunguka mbele yako na bahari yake. Ukiendelea unaukuta mnara wa taa wa Ras Kigomasha, uliojengwa na Waingereza. Wageni wengi wanaofika kaskazini ya Pemba humalizia hapo, wakageuza gari.

Mimi nataka kuzungumzia upande wa mashariki, mwambao unaoanzia Tumbe, ukapita Shumba, ukashika Micheweni na Maziwa Ng'ombe mpaka Kiuyu. Ndiko kwao mume wangu. Mara ya kwanza nilikwenda biharusi, nikapelekwa nyumba kwa nyumba kutambulishwa kwa wazee. Baadaye nikawa nakwenda na watoto wakati wa likizo za skuli, na sasa nakwenda hata mume akiwa ameshikwa na shughuli zake mjini. Jina la kijiji sitalitaja. Wifi yangu ameniomba nisilitaje, na sababu yake nitaieleza.

Anayeijua Pemba ya mikarafuu, ya mabonde ya mpunga na vilima vinavyoteleza wakati wa masika, akifika Micheweni ataona kama amevuka kwenda kisiwa kingine. Udongo mwekundu unapungua, maweni yanachomoza, miti inakuwa mifupi. Watu wanalima humohumo, katika vishimo vya udongo baina ya mawe: mhogo, mtama, kunde. Kando ya njia utaona marundo ya kokoto na mwanamke amekaa chini ya kibanda cha makuti na nyundo yake, anaponda. Wenyeji wanakwambia shamba lao ni bahari. Nilikuwa nikilisikia neno hilo na kulipita, kama mtu anavyoyapita maneno ya salamu. Misimu ilipokwenda ndipo nilipoona kuwa wanasema kitu kilicho hivyo hasa. Ile bahari ina mipaka, ina zamu, ina mbegu na mavuno, na kila kipande kina mwenyewe.

Mgeni akifika pale siku ya mwezi mpevu, saa kumi za jioni, ataona pwani tupu. Maji yamepanda mpaka kwenye mizizi ya mikoko, ni ya kijani karibu na buluu mbali, hapana mtu ila watoto wawili watatu wanaoogelea. Atapiga picha na kusema hapa hajafika mtu. Huyohuyo akirudi kesho yake saa nne asubuhi hatapatambua. Maji yamekwenda mbali, bahari imebaki mstari mweupe wa povu kwenye mwamba wa nje, na baina ya mwamba na mchanga kuna watu kila upande. Wanawake wameinama kwenye mistari ya mwani, wasichana wanaokota kombe, wazee wanaukagua uzio wao wa kunasia samaki, vijana wanaelekea mwambani na miwani ya kuzamia imewaning'inia shingoni. Wengine wanaitana kutoka mbali, na sauti zinafika vizuri kwa sababu hakuna cha kuzizuia.

Zanzibar maji hujaa mara mbili na hupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na baina ya kujaa na kupwa huweza kupita mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu. Na kwetu bamvua ina saa zake. Hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na saa nne usiku, hujaa alasiri na alfajiri. Haya nimeyasoma skuli na kuyajibia mtihani. Mama mkwe wangu hakuyasoma popote, lakini ndiye aliyenifundisha kuyatumia. Nikimpigia simu kumwambia nakuja, hajibu kwa tarehe. Huuliza, "Leo mwezi ngapi?" yaani siku ya ngapi tangu mwezi kuandama. Halafu hunyamaza kidogo, anahesabu, na kusema, "Njoo mwezi kumi na mbili, mwanangu, upumzike siku mbili. Ukija mwezi ishirini utanikuta nimekaa tu."

Tangu hapo safari zangu za Pemba nazipanga kwa mwezi kwanza, boti baadaye. Na anayeniuliza lini aende, sina jibu zaidi ya hilo. Akitaka kuogelea na kulala, maji mafu yatamfaa. Akitaka kuijua ile pwani, aende bamvua, na awe macho.

Awe macho kwa sababu ya jambo ambalo ami yake mume wangu alimwonesha mwanangu wa kwanza, nami nikiwa nyuma nasikiliza. Mtoto alikuwa anatazama mwamba wa nje, anasubiri kuona bahari ikirudi. Ami akamshika mabega akamgeuza. "Usitazame mbele, babu. Ile ya mbele kila mtu anaiona." Akamwonesha mfereji uliokuwa nyuma yetu, baina yetu na mikoko, maji yakiwa bado ya vifundo vya miguu. Uwanda ule unaonekana sawasawa lakini si sawasawa. Kuna mafungu ya mchanga yaliyoinuka na kuna mifereji, na maji yanaporudi huingia mifereji kwanza. Mtu aliyesimama juu ya fungu anajiona yuko pakavu, kumbe mfereji wa nyuma umeshamfika kifuani na una mkondo. Wenyeji hawangoji bahari ianze kuja. Wanageuka pale maji yanaposimama, yakiwa hayaendi wala hayarudi, na ukiwaona wanawake wote wameanza kujitwisha vikapu bila ya kuambiana, nawe geuka hapohapo.

Basi, mwani. Hapa nitakaa kidogo, maana mwani ndio uliobadilisha maisha ya nyumba ile. Kilimo chake cha biashara kilianza Unguja, Paje na Jambiani, mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na hakikuchelewa kuja Pemba. Leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka Pemba, na wilaya ya Micheweni ni miongoni mwa zinazolima sana. Walimaji wengi ni wanawake, ingawa Pemba utawakuta na wanaume kuliko Unguja. Kinachouzwa hukaushwa na kusafirishwa nje, huko hukamuliwa uteute unaotiwa kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Mama mkwe hajapata kula aiskrimu yenye mwani wake, kama aliwahi kuila basi hakujua.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu lilikuwa taitai, vile vikamba vidogo vya kufungia mbegu. Unakaa kivulini na wenzako, kamba ndefu imelazwa juu ya mapaja, unachukua kitawi cha mwani unakifunga, unaacha nafasi, unafunga kingine. Usikaze sana, kitakatika. Usilegeze, mawimbi yatakichukua. Kamba zikijaa zinabebwa hadi shambani na kufungwa baina ya mambo, vile vigingi vilivyopigwa mchangani, na kila mtu anavijua vyake. Mtu wa nje anaona msitu wa vijiti tu. Wifi anaona kwake, kwa dada yake, kwa jirani, na kipande kilicho wazi cha mama mmoja aliyefariki ambacho watoto wake bado hawajaamua nani akishike, kwa hivyo hakuna anayekigusa. Nilishangazwa na hicho kipande. Hakina ukuta, hakina hati, hakina hata kamba ya kukizungushia, na kila bamvua watu wanakipita pembeni.

Baada ya wiki sita hivi mwani huwa tayari. Kuvuna ni kazi ya mgongo. Mwani mbichi ni mzito, unachuruzika maji, na kilo saba hadi kumi mbichi hukaukia kilo moja. Wengine hukodi gari la ng'ombe, wengine wanajitwisha. Unaanikwa juu ya makuti au vichanja, siku mbili tatu za jua, na mvua ikiugusa thamani yake inashuka. Wingu likitanda utawaona watu wanatoka mbio kila nyumba, na hakuna anayeuliza huu wa nani kabla ya kuukusanya.

Kuna mwani wa aina mbili wanaoutaja. Spinosamu ni mvumilivu na bei yake ni ndogo. Kotonii bei yake ni ya juu, lakini haupendi maji ya moto, na miaka hii maji ya karibu na pwani yamekuwa ya moto mno kwake, hasa wakati wa kaskazi. Unageuka mweupe, unalainika, unakatika. Dk. Flower Msuya, aliyetafiti mwani kwa miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Unguja, amehimiza kuulima kwenye maji ya kina zaidi, ambako kuna ubaridi. Ni ushauri mzuri. Lakini nimekaa na wanawake wale na najua uzito wake kwao. Kina kinataka chombo, na kinataka mtu anayejua kuogelea, na wengi wao walikua wakiambiwa kuogelea ni kwa watoto wa kiume. Wifi ameanza kujifunza akiwa na wajukuu. Anakwenda jioni, maji yakijaa, na binti yake amemshika kiuno. Sijaona ujasiri unaonigusa zaidi ya huo.

Sasa ile sababu ya kutotaja jina. Alikuja kijana mmoja na wenzake, hawakupita kwa mtu yeyote. Walisimama juu ya jabali saa za maji kupwa, wakarusha kamera ya kuruka. Wanawake walikuwa majini, nguo zimewalowa na kuwashika mwilini, kanga wamezifunga viunoni ili zisiwazuie kazi. Katika hali ile mwanamke wa kijiji anaonekana na wenzake na watoto wake, na wanaume wa pale wana adabu ya kupita mbali na kutazama pembeni. Kile chombo kilishuka juu ya vichwa vyao. Baada ya siku chache picha zikawa kwenye simu za watu, zimetiwa muziki, na maneno ya kusifia "pwani ya siri ya Pemba". Mjomba mmoja aliyeko Tanga alimwona mkewe. Wifi aliniambia kuwa bamvua iliyofuata kuna waliobaki nyumbani, wengine kwa aibu yao wenyewe, wengine kwa kukatazwa, na mwani wao uliochelewa kuvunwa ukapukutika na kuchukuliwa na maji.

Nilikasirika sana, na hasira hiyo bado ninayo. Sidhani kama wale vijana walikuwa na nia mbaya. Walichokosa ni kuona kuwa wamefika mahali pa kazi ya watu. Waliona bahari, mchanga, na vitu vya rangi vinavyopendeza kutoka juu. Kama wangepiga hodi nyumba yoyote wangeelezwa yote hayo kwa dakika tano, na pengine wangepewa na dafu.

Kupiga hodi kule kuna utaratibu wake, na ni mwepesi. Kila shehia ina sheha, kiongozi wake wa Serikali, na mgeni anayelala anapaswa kujulikana kwake. Unakwenda na mwenyeji wako, mnatoa salamu, unaulizwa umetoka wapi, wa nani, utakaa mpaka lini. Mtu wa mjini huenda akaona anahojiwa. Mimi nimeona faida yake siku mwanangu wa pili alipopotea njia kwenye vichaka vya maweni jioni. Hatukuwa na haja ya kumweleza mtu huyo ni mtoto gani. Vijana wa kijiji wote walikuwa wanamjua kwa jina la babu yake, na kabla ya isha alikuwa amerudishwa, anakula.

Kwenye mwamba nilikwenda na mama mkwe, yeye akiwa na kijiti chake na mimi na kikapu. Kuchokoa pweza ni kazi ya macho. Anatafuta tundu lenye maganda ya kombe yaliyotupwa mlangoni, kwa sababu pweza hula ndani na kutupa nje. Akilipata huingiza kijiti taratibu, anasubiri, anahisi kama kimeshikwa. Mawe hayapindui. Nimeona vijana wanaopindua kila jiwe na kuliacha tumbo juu, na mama mkwe huyapita akiyarejesha moja moja kwa mguu, bila ya kusema neno kwa mtu. Chini ya jiwe kuna mayai, kuna vidudu, kuna chakula cha pweza wa kesho. Likiachwa juani vyote vinakufa.

Pweza haishi sana, mwaka mmoja na kidogo tu. Hukua haraka mno, na jike akishataga hukaa kulinda mayai bila ya kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Ndiyo maana huko Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, wanakijiji walikubaliana kuufunga mwamba wao kwa miezi mitatu, kisha kuufungua kwa pamoja, na pweza wanaotoka huwa wakubwa. Habari hiyo imefika kaskazini. Kwa mama mkwe nilisikia mjadala wake barazani, na haukuwa mwepesi. Wenye vyombo walikuwa tayari, wao wana pa kwenda kwingine. Kina mama wanaotembea kwa miguu ndio waliouliza: miezi hiyo mitatu tutapika nini? Sikuwa na jibu. Ninachoweza kusema ni kwamba swali lile linastahili kujibiwa kabla ya kufunga, si baada, na walioufunga mwamba wakadumu nao ni wale waliolijibu.

Siku za maji mafu, kazi zikipungua, tulikuwa tunatembea. Tumbe ni karibu, na diko lake ni la kuonwa: vyombo vinaingia, samaki wanamwagwa, mnada unaanza hapohapo, na hata usiponunua utajifunza majina ya samaki ambayo mjini yamekwisha kupotea. Kutoka hapo unakwenda kwenye magofu ya Chwaka. Hapana geti kubwa wala kelele. Kuta za msikiti wa mawe zimesimama baina ya miti, na kuna makaburi yanayonasibishwa na Wamazrui, na lile la Haruni, ambaye wazee humtaja kuwa mtoto wa Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pujini.

Wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher wamechimba sehemu hizi kwa misimu mingi. Kwa waliyoyapata, Tumbe kulikuwa na kijiji kikubwa tangu karne ya 7 hadi ya 10, na Chwaka ukawa mji kuanzia karne ya 11 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, wenye misikiti ya mawe zaidi ya mmoja. Kilichonigusa zaidi ni habari ya chakula. Watu wa Tumbe ya mwanzo walikula uwele. Mpunga ulikuja kushika nafasi wakati wa Chwaka, pamoja na minazi. Kwa hivyo wali wa nazi na pweza tunaowekewa pale jioni una umri wa karne nyingi katika ardhi hiyohiyo. Nilimsimulia mama mkwe, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: hao wa zamani walikuwa wakishuka pwani kwa njia ipi? Alitaka kujua kama ni njia yake. Nami nadhani ni hiyo, kwa sababu hakuna nyingine isiyokata miguu.

Swali la njia si dogo. Mimi ni mtu wa Unguja, nimeiona Paje ilivyokuwa mistari ya mwani mtupu na nimeiona sasa. Mahoteli yamesimama bega kwa bega, vishada vya watalii vinakimbia juu ya maji, na walimaji wa mwani waliobaki wanazunguka ukuta kwenda baharini kwa njia ambayo bibi zao walikwenda moja kwa moja. Kuna waliopata ajira na nyumba za matofali, nalo ni jambo la heri, silikatai. Lakini sijaona popote ambapo mwanamke aliyekuwa na kipande chake baharini alilipwa kwa kukiacha. Kipande hakikuwa kwenye karatasi, kwa hivyo hakikuwapo.

Micheweni nayo imetengwa na Serikali kuwa eneo huru la uchumi, na uchumi wa buluu ndio wimbo wa awamu hii ya Dk. Hussein Mwinyi. Ulianzishwa mradi wa kiwanda cha kusarifu mwani Chamanangwe, ili tusiuze mwani mkavu tu wakati faida inabaki kwa wengine. Nautakia heri kwa moyo wangu wote. Ninachokitaka ni kwamba siku wapimaji watakapokuja na vyombo vyao kupima ardhi, waje mwezi kumi na tano, saa nne asubuhi, na wapime na kule majini kunakolimwa. Waandike majina. Wifi yuko tayari kuwatembeza kipande kwa kipande, na hata kile cha marehemu atawaambia ni cha nani. Wakija jioni ya maji kujaa watapima mchanga mtupu, na watasema kweli kuwa hawakuona mtu.

Bahari yenyewe pia haikukaa kimya. Kuna minazi iliyokuwa mbali na maji nilipokwenda biharusi, leo mizizi yake iko nje. Sehemu kadhaa za Pemba maji ya chumvi yameingia mabonde ya mpunga na watu wameacha kulima. Kijijini wamepanda mikoko upya kwenye ghuba ndogo, na watoto wa skuli ndio wanaoilinda, kila darasa na safu yake. Mwanangu wa pili, ambaye hasomi pale, amepewa miche mitatu na huuliza habari zake kwenye simu kabla ya kumuuliza bibi yake hali.

Nimeulizwa sana kama ni vyema kuzungumza habari za pwani kama ile, maana kila anayesifiwa hutafutwa. Nimelifikiria hilo kwa muda. Kunyamaza hakukuizuia ile kamera kufika. Watu watakwenda tu, na kheri waende wakiwa wameshajua kuwa wanaingia kwa wenyewe. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee, na mwenyeji hapati nafuu kwa mtu anayefika na chakula chake garini, akaacha chupa zake mchangani, akaondoka bila ya kujua jina la aliyempisha njia. Hupata nafuu kwa mgeni anayelala kwake, akala kwake kwa kulipa, akanunua sabuni ya mwani wanayotengeneza kina mama wale, akavaa nguo ya kumstiri anapopita mjini mwao, na Ijumaa akaona kuwa vyombo havitoki mpaka watu wasali, naye akatulia.

Walimu wenzangu wanne wameniomba niwapeleke likizo hii. Nimempigia mama mkwe, akauliza mwezi, akahesabu. Masharti yake ni mafupi: simu zikae nyumbani wakati wa maji kupwa mpaka kina mama wenyewe wawaite, viatu vya mpira vya kufunika miguu kwa ajili ya mwambani, na kila mmoja aje na mfuko wa kurudishia taka zake Unguja, maana pale hapana gari la taka. Kwa sheha ataanza yeye, sisi tutafuata. Wifi amekwisha kupanga malazi, wawili kwake na wawili kwa ami, na ameniambia niwaeleze mapema kwamba siku mbili za mwanzo za bamvua hakuna wa kushuka kutembea. Mnunuzi wa mwani anakuja Jumamosi, na anayetaka kushuka kabla ya hapo ashuke kuvuna.